Pande la Kuumeni

Bimdogo hakuwa mtu wa kusamehe, na mwaka ule wa tisini na nane, mjini Guangzhou, hakupata sababu ya kujifunza.

Baba yake, marehemu Maulid, alikuwa mfumi Unguja. Katika koo za wafumi wale, shuka la kitanda cha harusi halifumwi na mtu mmoja. Kuumeni, kwa bwana harusi, hufuma pande moja, kukeni la pili, kila nyumba imejifungia na la kwake mpaka asubuhi ya ndoa, ndipo yashonwe pamoja katikati. Kwa hiyo mistari haikutani kamwe. Bibi harusi hulilalia shuka hilo, na siku akifa hufunikwa nalo jeneza lake.

Bimdogo aliliomba la mama yake aende akachapishe nakala Uchina, auze sokoni Darajani. Mama, ambaye hali yake ilikuwa mbaya, alimpa kwa shingo upande.

"Lirudi kabla sijaondoka," alimwambia.

Ofisi katika jengo la Tianxiu alipanga na Swalha, binti wa mjomba wake, ulimi kama wembe. Tangu utotoni walikuwa wakigombania pande la nani lilifumwa vizuri.

"Babu yetu alifuma," Swalha alikuwa akisema. "Baba'ko alisuka ukili."

Pamoja na kuyajua hayo, Bimdogo alipokwenda bandarini kufuatilia kontena, alimwachia yeye alipeleke shuka soko la Liuhua kwa laoban, bosi mwenye mashine za kuchapa. Aliporudi, huko Liuhua alikuta mafurushi ya shuka mpya, mistari imenyooka, mshono hakuna. Mezani palikuwa na pande moja tu la zamani, limefumuliwa mshono. La kukeni.

"La pili liko wapi?"

"Mei you," alisema laoban. Hakuna. Akaonesha chini ya meza, palipotupwa matambara ya kupangusia wino. Moja lilikuwa bado na mstari wa buluu wa Maulid.

Bimdogo alimgeukia Swalha.

"Aliniuliza achape lipi, maana hayalingani," Swalha alisema, wala hakuinamisha macho. "Nkamwambia hili zuri, lile bovu."

"Ulimwambia bovu?"

"Sasa nimdanganye?"

"Hasidi mkubwa weye! Umemvua mamangu angali hai!"

Wanunuzi wakasimama kutazama. Swalha alilikunja pande la babu taratibu.

"Shangazi atafunikwa na la kwao. Si ndiko alikotoka?"

Bimdogo alitoka, maana angempiga. Alipiga simu nyumbani, akamweleza mama yake yote huku analia kwa hasira.

"Hilo zuri mwachie Swalha, atandike kwake," mama alimwambia. "Mimi niliolewa na Maulid, sikuazimwa. Niletee hayo matambara."

Bimdogo akarudi Liuhua, akapiga magoti chini ya meza ya laoban, Swalha anamtazama, akaanza kuokota.