Inakatika Tena

Simu ilipolia mara ya nne ndani ya nusu saa asubuhi hiyo, fundi wa kompyuta hakuwa na haja ya kuangalia ni nani. Alijua ni karani, na alijua atakachosema. Inakatika tena.

Karani alifanyia kazi nyumbani. Mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na nyumba nzima walikuwa wawili tu. Basi alikaa na kompyuta yake ndogo hapo nyumbani, akaingia kwa mtandao kwenye kompyuta yake ya ofisini na kuitumia kama vile amekaa mbele yake. Yaani ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Kwa wiki tatu sasa alikuwa akiandika mistari mitano, skrini inaganda, anatupwa nje. Nusu saa baadaye inarudi nzima kabisa, utadhani anazusha. Leo saa tatu, kesho saa nane, keshokutwa jioni. Ugonjwa usio na ratiba utautibu vipi, jamani?

Meneja uvumilivu ulikuwa umemwisha. Alisema ikiendelea kukatika mpaka Ijumaa, basi Jumatatu karani awe kwenye kiti chake ofisini kama watu wengine. Na mama abaki na nani? Meneja hakuulizwa, na mwenyewe hakujiuliza.

Sasa huyu fundi, ofisi nzima walimwita Si Kwangu. Ukimpelekea tatizo lolote, jibu la kwanza ndilo hilo: si kwangu, ni kwenu. Miaka kumi na moja kazini, lawama haijawahi kumkuta nyumbani. Karani naye alijibiwa vivyo hivyo, kwamba intaneti ya kwake ndiyo mbovu. Akabadilisha ruta. Akabadilisha waya. Wapi. Akaambiwa ahamie dirishani, ndiko mtandao unakoshika vizuri.

Dirishani ndiko kilikokuwa kitanda cha mama. Mama alikuwa hasemi tena, lakini mkono wake mmoja ulikuwa mzima, na kutwa nzima aliwapungia wapita njia. Kitanda kikasukumwa mpaka ukuta wa ndani, mama akawa anatazama kabati. Meza ya karani ikakaa dirishani. Na bado ikakatika.

Ijumaa ikafika. Fundi, roho juu, akaamua kupanda ngazi na kwenda kukaa mbele ya kompyuta yenyewe ya karani, ile ya ofisini. Alipaswa kufanya hivyo siku ya kwanza, ila ngazi hakuzipenda, na kila kitu alikuwa akikipima kutoka mezani kwake. Akavuta kiti, akakunja mikono, akaikodolea macho. Saa nane kasorobo ujumbe mdogo ukatokea pembeni mwa skrini: kuna kompyuta nyingine inayotumia namba hii hii. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Hakuipokea.

Kila kompyuta ya ofisi ilikuwa na namba yake kwenye mtandao. Mbili zikipewa namba moja zinanyang'anyana, na mojawapo inatolewa nje. Namba hizo alizigawa yeye mwenyewe na kuziandika kwenye daftari. Akalifungua. Namba ya karani iliwahi kuwa ya bosi wa zamani. Bosi alistaafu, chumba chake kikafungwa, na wiki tatu nyuma, alipokuwa akimwekea karani kompyuta mpya, fundi alifuta jina la bosi akaandika la karani. Aliona kazi imekwisha; kompyuta ya bosi, iliyobaki mle chumbani na namba ile ile, hakuikumbuka.

Akatoka mbio mpaka kwenye chumba hicho. Mlango ulikuwa wazi. Mhudumu, mzee ambaye wote walimwita Mzee Funguo, alikaa kwenye kiti cha wageni, kitambaa cha vumbi begani, ametulia anasubiri. Mezani kompyuta ya bosi ilikuwa inanguruma. Fundi akamuuliza, sauti imempanda, ni nani aliyemtuma kuiwasha.

"Si wewe, fundi?" Mzee alishangaa kweli. "Siku bosi anaondoka uliniambia mashine ikikaa bila moto inaharibika, niiwashe kila siku nusu saa. Mwaka wa pili huu, sijaruka hata siku moja. Nikimaliza tu kupiga deki, saa yoyote ile, nakuja."

Fundi akafungua mdomo. Lile neno lake la siku zote lilimfika ulimini, likagoma kutoka. Akaizima kompyuta, akachomoa waya, akamwambia mzee asante, sasa basi.

Kwa meneja hakukaa hata dakika mbili. Meneja alitaka kujua kama intaneti ya karani ilikuwa na kasoro yoyote.

"Haikuwa nayo tangu siku ya kwanza," fundi alisema. "Ni kwangu."

Kisha akampigia karani. Akamwambia haitakatika tena, na Jumatatu hana haja ya kuja. Karani akauliza:

"Kwa hiyo ruta, waya, na dirisha, vyote vilikuwa bure?"

"Bure, dada. Nisamehe."

Karani hakumshukuru wala hakumtukana. Aliweka simu mezani bila kuikata, na fundi akasikia miguu ya kitanda ikiburuzwa sakafuni.