Bahasha Sita Kwenye Kabati la Vyombo

Dada yangu anaishi Amerika, na ndiye aliyenifundisha kutafuta. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya elfu mbili, bado tunapigiana simu kwa kadi za kukwangua, naye alikuwa anahamia mtaa mpya. Akaniambia kwamba kabla ya kusaini karatasi za nyumba aliingia kwenye mtandao, akaandika namba ya posta ya mtaa huo, na ramani ikafunguka ikiwa na vidoti vyekundu. Ukibonyeza kidoti inatokea sura ya mtu, jina lake, anwani yake, na kosa alilomfanyia mtoto au mwanamke wa watu. Sikumwamini. Jumamosi iliyofuata nikaenda maktaba ya Tumba, kitongoji cha Stockholm tulikokaa, nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika namba ya posta ya dada yangu. Sura zikaja. Mmoja alikuwa anatabasamu, kama anapigwa picha ya kitambulisho cha kazini. Nilimtazama mpaka muda wangu wa kompyuta ukaisha, na kwa wiki nzima kila mwanaume aliyenishikia mlango wa treni nilimwangalia mara mbili.

Nikatafuta ramani ya huku kwetu Stockholm. Haikuwepo. Nikapiga simu polisi, maana mimi ni mtu wa kuuliza, hata mume wangu alikuwa akinitania kwamba ningezaliwa mwanaume ningekuwa jaji. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akanieleza. Rejista ya waliohukumiwa ipo, lakini imefungwa: wewe raia huwezi kumwangalia mwenzako humo, unaweza kujiombea karatasi yako tu. Hata shule haimwangalii mwalimu; mwalimu mwenyewe ndiye anayeomba karatasi yake polisi na kuipeleka. Na rejista haikumbuki milele. Miaka ikipita, kosa linafutwa, karatasi inarudi kuwa nyeupe.

"Sasa sisi wengine tutajuaje?" nikamwuliza.

Akasema hukumu za mahakama ni za wazi kwa yeyote. Ukiwa na jina la mtu na namba yake ya kuzaliwa, ile ambayo kila mkazi wa huku amepewa, unapiga simu mahakama ya wilaya, unauliza kama kuna hukumu, na wanakutumia nakala bila kukuuliza unaitakia nini. Jina la aliyeumizwa linafichwa, jina la mwenye kosa haliguswi. "Lakini lazima ujue ni mahakama gani," akaongeza. "Kila moja ina kabati lake."

Nilikata simu nimekasirika. Nchi ambayo ofisi ya kodi inakupa anwani na namba ya kuzaliwa ya jirani yako kwa simu moja tu, hili ndilo wanalitawanya kwenye makabati?

Karatasi yenyewe niliifahamu. Nilikuwa nafanya kazi dagis, yaani chekechea, huko Vällingby, na siku waliponiajiri mkuu wetu aliniambia nijaze fomu, nisubiri bahasha ya polisi, niilete haijafunguliwa. Mimi ni mtu wa Bukavu. Nilikulia mahali ambapo karatasi ya polisi yenye jina lako haikuwa habari njema hata siku moja. Ilipokuja niliiweka juu ya friji siku mbili kabla ya kuipeleka, na sina kosa lolote.

Ndipo nikapata wazo langu, na nililipenda sana. Kanisa letu lilikuwa kanisa dogo la Wakongomani, pamoja na Waganda wachache na familia moja ya Burundi, tukikusanyika kwenye ukumbi wa kupanga chini ya jengo moja Rinkeby, upande wa pili wa jiji. Mimi nilikuwa msimamizi wa darasa la watoto. Mwaka ule tulipata mwalimu mpya, kaka mmoja aliyehamia kutoka mji wa kaskazini, mpole, fundi wa kupiga gitaa, na mwenye gari la viti vingi. Ibada ikiisha wazazi hubaki kwa vikao visivyokwisha, naye akawa anawarudisha nyumbani watoto wanaokaa upande wa Tumba. Binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa mmoja wao. Nilifurahi. Kutoka Rinkeby mpaka Tumba ni safari ya kuchosha mtoto.

Kwenye kikao cha wazee nikasimama nikasema kila anayefundisha watoto alete karatasi ya polisi, nikianza na mimi. Sheria haikulidai kanisa jambo hilo wakati ule, lakini hakuna aliyekatazwa kujiombea yake. Wengine waliguna. Mwalimu mpya ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Baada ya wiki chache zikaja bahasha sita, ya kwangu ikiwemo, kila moja imeletwa mbele na kukabidhiwa kwa mikono miwili. Pasta akazipanga mezani, akaziwekea mkono, akaomba. Kisha akanipa mimi nizitunze, kwa sababu ukumbi ule kabati halikuwa letu.

"Hatuzifungui, Pasta?" nikauliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la aibu mbele ya wageni. "Mama, mutu ameomba polisi baandike habari yake, na ameileta yeye mwenyewe imefungwa. Amekwisha kujibu. Ukipasua ile enveloppe mbele yake, unamuita mwongo. Batu batasema nini?"

Na mimi, mwenye mdomo wangu wote, nikazichukua. Niseme ukweli: alichosema kilikuwa na maana kwangu. Kwetu mtu akikukabidhi barua iliyofungwa inayomhusu yeye, heshima ni kuipokea. Kuifungua ni kazi ya adui au ya serikali. Nilizifunga bahasha zile kwa kamba ya mpira, nikaziweka kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni, nikajiona nimewalinda watoto wa watu.

Miezi ikapita. Jumapili moja binti yangu akasema kwa Kiswidi, kama walivyozoea kutujibu watoto wa huku, "Jag vill inte." Sitaki. Hakutaka darasa la watoto, wala kurudi na gari. Nilimwuliza kwa nini, akainua mabega. Nikasema haya ndiyo maneno ya watoto waliolelewa kwenye joto la mabomba ya nyumba za huku, kila kitu kinawachosha. Nikamvalisha koti mwenyewe. Jumapili iliyofuata tena, jag vill inte, na tena nikamvalisha koti. Nilimwambia asiniaibishe, kwamba mama yake ndiye msimamizi, na kama mtoto wa msimamizi hakai darasani nani atakaa? Haya niliyasema mimi, kwa sauti ya juu, nikimfunga zipu mpaka kidevuni.

Mara ya nne alijifungia chooni. Nilibisha, nikabembeleza, nikatishia. Kupitia mlangoni nilisikia maji yakifunguliwa ili nisimsikie. Nilikaa chini sakafuni na koti lake mapajani, na hapo ndipo hofu iliponiingia. Hatukwenda kanisani siku ile.

Jambo nililofanya baada ya hapo nimewahi kumsimulia dada yangu tu. Bahasha ya yule mwalimu ilikuwa kwangu, hatua tano kutoka nilipoketi. Ningeichana kwa kidole. Sikuichana. Niliona ni vibaya kufungua barua ya mtumishi wa Mungu kwa sababu ya mtoto kujifungia chooni. Badala yake Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilisimama kwenye uwanja wa michezo wa dagis, nikapiga simu ofisi ya kodi, nikapata namba yake ya kuzaliwa. Kisha nikaanza mahakama. Ya Stockholm, hakuna. Jumanne, mahakama ya mji mwingine, hakuna. Jumatano nikapiga ule mji wa kaskazini alikotoka. Karani akasema subiri, nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. Watoto walikuwa wanapanga foleni ya kuteleza kwenye ubao.

"Ndiyo," akasema. "Ipo moja. Nikutumie nyumbani?"

Ilikuja Ijumaa. Nilijifungia nayo chumbani. Kiswidi cha mahakama ni kigumu, lakini yale yaliyokuwa mle yalieleweka hata kwa mtu wa darasa la kwanza. Mtoto wa kike. Jina lake halikuwekwa, palikuwa na herufi tu. Umri wake uliwekwa. Mahali pia: ndani ya gari, baada ya mazoezi ya kwaya.

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye kabati, nikaondoa sahani za wageni, nikaifungua bahasha yake kwa kisu cha mboga. Karatasi moja. Kosa, mahakama, adhabu, yote mistari michache. Alikuwa ameileta mwenyewe. Ilikaa nyumbani kwangu miezi minane, ikila chumvi pamoja nasi.

Jumamosi mchana tulikutana sebuleni kwa Pasta, sisi watatu: Pasta, mimi na yule mwalimu. Niliweka karatasi mbili mezani. Nilikuwa nimejitayarishia maneno makali, lakini nilizisukuma tu mbele ya Pasta. Pasta alisoma, akavua miwani, akaivaa tena. Yule kaka hakukana. Aliniangalia mimi, si Pasta, na machoni mwake kulikuwa na mshangao wa kweli, jambo ambalo mpaka leo linanisumbua kuliko kama angenitukana.

"Lakini mulikuwa nayo," akasema. "Mimi niliwaletea. Kila siku ya Mungu nilikuwa nangoja muniite. Hamukuniita. Nikajua mulisoma, mukanisamehe."

"Na watoto je?" nikamwuliza. "Watoto ndio walikusamehe?"

Pasta akaingilia, akaanza kuzungumza habari ya kumwachisha kazi kimyakimya, kwamba jina la kanisa lisichafuke. Nikasimama. Nilimwambia Pasta maneno ambayo mwanamke hamwambii mchungaji wake, na siyajutii. Jioni ileile niliwapigia simu wazazi wote wa watoto wa Tumba, mmoja baada ya mwingine, na Jumatatu nikaenda polisi na mkono wa binti yangu mkononi mwangu.

Walimzungumzisha kwenye chumba chenye wanasesere, mimi nikiwa nje. Mama aliyemhoji alikuwa hodari, alikaa naye muda mrefu. Binti yangu alisema hakuna kilichotokea. Watoto wengine wanne walisema hivyohivyo. Mambo yakaishia hapo, faili likafungwa, yule kaka akahama. Alihamia wapi, sijui. Kwa miaka michache kila baada ya muda nilipiga tena ofisi ya kodi kuuliza anwani yake, nikaipata, nikawa sijui niifanyie nini. Leo nikihesabu miaka, najua karatasi yake imekwisha kufutwa. Akiombwa bahasha na kanisa jingine, ataipeleka kwa mikono miwili, nao wakiifungua hawataona kitu.

Sikurudi kwenye kanisa lile. Sahani za wageni nilizigawa. Mume wangu aliniambia hakuna kilichotokea, mtoto amesema, sasa nimpumzishe. Labda alikuwa na haki. Ila yeye hakuwa amemfunga zipu.

Kwa hiyo niliendelea kuuliza. Nilimwuliza alipofika miaka kumi na mbili, tukikata vitunguu. Nilimwuliza kwenye treni, akiwa na miaka kumi na mitano, tumekaa upande mmoja ili tusitazamane. "Yule mwalimu wa gitaa, aliwahi kukufanyia kitu?" Kila mara jibu lilikuwa lilelile, nej, mama, yaani hapana, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Kila mara nilimshukuru Mungu, na shukrani hiyo haikufika asubuhi.

Mara ya mwisho alikuwa na miaka kumi na minane. Ilikuwa mchana wa Jumapili, tunapaka rangi chumba cha kwanza alichopata kupanga. Nilimwuliza nikiwa nimempa mgongo, nikisukuma brashi ukutani. Nilisikia brashi yake imesimama. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo alikuwa haitumii nami isipokuwa kwa salamu.

"Mama, unaniuliza juu yangu, ama juu yako?"

Nikageuka. Ningeweza kusema juu yako, mwanangu. Mama yeyote angesema hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka, nikasema lililokuwa kweli.

"Juu yangu."

Alitingisha kichwa, taratibu, bila hasira.

"Basi hapana," akasema. "Hakufanya kitu."

Akachovya brashi yake, akaendelea na ukuta.