Spana ya Glenys Kwenye Lango la Marbrook

Glenys Ockenden aliamshwa na birika. Liliteleza juu ya jiko la makaa, likagonga ukuta, likamwaga maji ya jana kwenye zulia. Ilikuwa saa moja asubuhi, siku ya Jumatatu, na hakuhitaji kuchungulia dirishani. Mtu aliyezaliwa ndani ya boti na kuishi humo miaka sitini na minane anajua boti yake inapolala ubavu, na sababu anaijua pia. Mfereji umekauka.

"Washenzi wakubwa!" alisema, akavaa koti juu ya nguo ya kulalia na kutafuta viatu vyake vya mpira, vilivyokuwa vimeteleza hadi chini ya meza.

Nje kulikuwa na tope tupu. Boti yake, Marigold, ilikuwa imekaa kwenye matope huku upande mmoja umeinuka, na katikati ya mfereji kilibaki kijito ambacho bata walikuwa wanakipita kwa miguu. Baiskeli mbili na toroli la dukani vilikuwa vimefichuka. Nyuma ya Marigold, boti ya Selwyn Purkis nayo ilikuwa imelala ubavu, na mwenyewe, mgane aliyekuwa jirani yake wa hapa na pale kwa miaka kumi na moja, amesimama njiani na pajama lake, kikombe cha chai mkononi.

"Umeamka?" alisema Selwyn. "Nilidhani umejikunja kule chini kama viazi kwenye gunia."

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi nilikuwa nimelala, mama. Mlinzi wa mfereji si mimi."

"Ni wale wa boti ya kukodi. Wale wawili wenye mbwa na kofia za nahodha. Niliwaona jana mchana wanapandisha boti langoni, mmoja anapiga picha, mwingine anauliza koki inafunguliwa upande gani. Lazima walirudi baada ya mimi kupita, wakaacha koki wazi, wakaenda zao kunywa bia!"

"Inawezekana," alisema Selwyn, akanywa chai yake taratibu.

Lango la Marbrook lina milango ya juu na milango ya chini, na katikati chumba cha maji kinachopandisha boti kama lifti. Kila mlango una koki zake za chuma za kupitishia maji, zinafunguliwa kwa spana maalumu iliyopinda, na ukimaliza unazifunga. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ambayo mtoto wa mfereji anafundishwa, kabla hata ya kufundishwa kuogelea. Ukiacha koki ya juu wazi, maji ya juu yanaingia chumbani, na kama milango ya chini inavuja, yanapita hapo usiku kucha mpaka walioegesha juu waamke kwenye tope.

Na milango ya chini ya Marbrook ilikuwa inavuja, usiseme. Glenys alikuwa ameiripoti mara nne kwa ofisi ya mfereji. Mara nne alipewa namba ya kumbukumbu na kushukuriwa kwa ushirikiano wake. Zamani baba yake, aliyebeba makaa ya mawe kwa boti maisha yake yote, hakumripotia mtu. Alichukua ndoo ya majivu ya jiko, akayamwaga ndani ya chumba mbele ya mlango, na maji yenyewe yakayavuta majivu kwenye nyufa na kuziziba. Glenys naye alifanya hivyo miaka yote, hadi majira ya baridi yaliyopita, ofisi ilipomwandikia barua ya onyo kwamba kutupa majivu mferejini ni uchafuzi. Basi akaacha. Tangu siku hiyo mlango ulivuja utakavyo, kwa kufuata kanuni.

Mtu asiyeishi majini akisikia habari za kanuni hizi anaweza kucheka. Anayeishi majini hacheki. Boti isiyo na maegesho yake ya kudumu hairuhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku kumi na nne. Uwe na homa, uwe umevunjika mguu, barafu iwe imeziba mfereji, lazima uipe ofisi maelezo, na maelezo wanayapima wao. Leseni unalipia, cheti cha usalama unalipia, bima unalipia, halafu maji ya kunywa unayafuata bomba lililo maili nne, na ndoo ya choo unaitembeza kutafuta mahali pa kuimwaga huku umefunga uso. Haya yote Glenys aliyavumilia. Lililomkera ni kuulizwa anwani. Aliulizwa shuleni akiwa na miaka sita, na kwa kuwa hakuwa nayo akarudishwa. Aliulizwa benki, aliulizwa alipokwenda kujiandikisha kupiga kura, na sasa aliulizwa na kliniki kwa sababu ya goti lake lililokuwa linasubiri upasuaji.

Na juu ya yote hayo palikuwa na barua ya Machi. Ofisi ilisema ameonekana kuzidisha siku mara mbili, wakati mara zote mbili alikuwa amesogea na mkaguzi akakosea kipande cha mfereji. Kosa moja tena, barua ilisema, na leseni haitatolewa upya mwisho wa mwezi. Bila leseni, boti huinuliwa kwa winchi na kupelekwa kwenye uwanja wa boti zilizokamatwa. Glenys hakuwa na nyumba nyingine duniani. Ndiyo maana Jumapili, siku yake ya kumi na nne, alipandisha boti langoni peke yake kwenye mvua, goti likiwaka moto, ili mtu asipate la kusema.

"Nakwenda kuifunga hiyo koki," alimwambia Selwyn. "Na nikiwakuta wale wenye kofia!"

Alifuata njia ya kando ya mfereji akichechemea. Njiani aliwatungia wale watalii maneno ambayo mama yake angemwosha mdomo kwa sabuni kwa kuyatamka. Alipofika langoni aliona koki ya juu iko wazi, kama alivyosema. Na juu ya koki, ikining'inia palepale ilipoachwa, ilikuwa spana yenye mpini uliozungushiwa utepe mwekundu.

Utepe ule aliuzungushia baba yake.

Glenys alisimama. Alipapasa mkanda wa koti lake mahali spana inapokaa, na hapakuwa na kitu. Ndipo jana ikamrudia yote. Alikuwa ameshafunga boti juu, amerudi kuufunga mlango na koki, na koki moja alikuwa ameshaifunga wakati simu ilipolia mfukoni. Ilikuwa kliniki. Msichana wa mapokezi alisema nafasi ya upasuaji imepatikana, lakini fomu haikubali bila anwani, je, mama hana hata anwani ya mtoto wake? Glenys, asiye na mtoto, alimpigia kelele yule msichana kwa dakika kumi, akakata simu, akaenda moja kwa moja botini mwake.

Miaka sitini na minane! Hata akiwa na miaka saba hajawahi kuacha spana juu ya koki. Aliizungusha, koki ikashuka kwa mlio mzito, akaificha spana ndani ya koti kama mwizi. Kisha akajichukia kwa kuificha.

Aliporudi, Gareth Lomas alikuwa amefika. Ndiye mkaguzi wa ofisi katika eneo lile, mtu wa miaka arobaini mwenye koti la bluu na kishikwambi cha kuandikia namba za boti. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kumuudhi Glenys.

"Habari za asubuhi, Bi Ockenden."

"Huioni habari yenyewe? Imelala ubavu."

"Upo hapa tangu lini?"

"Tangu jana saa kumi jioni. Muulize Purkis."

"Sawa. Siku ya kwanza, basi." Gareth aligusa kioo chake. "Maji yatarudishwa, labda Jumatano. Ila ukumbuke, siku zinahesabiwa kama kawaida."

"Zinahesabiwa nikiwa kwenye tope?"

"Mfumo hauna sehemu ya tope, mama."

Selwyn alicheka hadi chai ikamwagika. Glenys hakucheka.

"Na hii ya maji nimeshaijua," aliendelea Gareth. "Boti ya kukodi moja tu ndiyo ilipita jana. Jina lake ninalo hapa. Naandika wao, kampuni yao inawapigia simu, wanafungiwa kukodi, mambo yanakwisha."

Glenys alihisi chuma cha spana kikimchoma ubavuni. Selwyn alimkaribia, akateremsha sauti. Macho yake yalikuwa kwenye mkanda mtupu wa koti.

"Nyamaza, Glenys," alinong'ona. "Nakusihi. Wale wana nyumba yao huko Leicester na bustani ya waridi. Wewe hii ndiyo nyumba."

Kumbe alijua. Tangu asubuhi alijua, akanywa chai yake kimya ili asimwaibishe.

Na angenyamaza, nani angejua? Lakini Glenys aliyajua maneno yale ya "nimeshaijua". Aliyasikia utoto mzima. Kuku akipotea kijijini, polisi alipita mfereji mzima akisema nimeshaijua, ni watu wa maboti. Hakuna aliyewauliza. Baba yake alivuliwa viatu njiani mbele ya wanawe, akapekuliwa soksi kutafuta mayai. Wale wawili wenye kofia walikuwa wajinga, ni kweli, lakini koki zao walizifunga.

Aliitoa spana ndani ya koti, akaiweka juu ya paa la Marigold.

"Futa," alisema. "Ni mimi."

Gareth aliangalia ule utepe mwekundu. "Bi Ockenden, mimi sijaona kitu. Unajua faili lako lilivyo?"

"Nalijua kuliko wewe. Andika mimi. Glenys Ockenden, niliacha koki ya juu wazi, Jumapili saa kumi na nusu. Umeandika?"

"Nimeandika," alisema Gareth, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

"Haya, sasa andika na lenu. Milango yenu ya chini inavuja. Ingekuwa mizima, koki yangu ingekaa wazi hadi Krismasi na bata wangekuwa bado wanaogelea. Nimeripoti mara nne. Namba za kumbukumbu ninazo, nikusomee?"

"Fomu ina nafasi moja ya chanzo."

"Ongeza ya pili."

"Haiongezeki, mama. Ukijaza moja, inajifunga."

"Loo! Kosa langu lina nafasi, lenu halina!" Alipiga paa la boti kwa kiganja, birika likaanguka tena huko ndani. "Mimi nimesema langu mwenyewe, bila kuulizwa, huku nyumba yangu ikiwa hatarini. Nyie mna ofisi nzima yenye madirisha, hakuna hata mmoja wenu anayeweza kusema mlango umeoza?"

Gareth aliinamia kishikwambi chake. Aliandika namba ya boti ya Selwyn, akaenda zake na kichwa chini.

Maji yalirudi Jumatano. Jibu la leseni lilikuja baada ya siku kumi, kupitia posta ya Marbrook. Glenys alipewa miezi sita badala ya mwaka, chini ya uangalizi, kwa sababu ya "uzembe wa mwenye boti". Akikosea tena ndani ya miezi hiyo, basi. Kuhusu mlango hapakuwa na neno. Aliisoma barua mara mbili, akamsomea Selwyn, wakatukana kwa zamu.

Asubuhi iliyofuata Gareth alimkuta langoni, chumba kimejaa maji, yeye amesimama juu ya mlango wa chini na ndoo ya majivu. Glenys alimwona anakuja kutoka mbali, na akamngoja afike. Kisha akamwaga majivu yote, polepole, mbele ya macho yake. Maji yaliyokuwa yakivuja yakayabeba hadi kwenye nyufa. Sauti ya kuvuja iliyosikika pale kwa miezi mingi ikapungua, na upande wa kushoto ukanyamaza kabisa.

"Bi Ockenden," alisema Gareth. "Hilo ni kosa, unajua. Una miezi sita tu."

"Najua. Toa kitu chako uandike. Na kwenye ile nafasi yenu moja ya chanzo, andika mlango."

Gareth alikitoa kishikwambi, akakishika bila kuandika kitu. Aliinama kutazama upande wa kulia, ambako maji yalikuwa bado yanaruka kwa nguvu kupitia ufa unaoweza kupitisha mkono.

"Huku bado kunavuja," alisema. "Una ndoo nyingine?"

"Ninayo," alisema Glenys, wala hakusogea. "Andika kwanza."