Vitabu vya Wasiorudisha

Mwalimu Karwirwa wa Timau alizoea kusema kwamba maktaba za kale zilipoungua, dunia ilirudi gizani. Maktaba yake mwenyewe, chumba cha mbao nyuma ya kanisa, ilipoteketea, aliamini kazi ya maisha yake imekwisha.

Jumapili akaja Kailemia, aliyemkwepa miaka mingi kwa sababu ya kitabu cha ufugaji alichoazima. Alikileta kimekunjamana, kinanuka kondoo. Wengine wasiorudisha wakamfuata. Vitabu vyao havikujaza hata meza.

“Si uliniita mwizi, Mwalimu?” Kailemia akauliza.

“Nilikuita. Ungekuwa mwaminifu, kingekuwa majivu.”

Karwirwa alicheka huku akifuta machozi, kisha akamrudishia kitabu.

“Kaa nacho, mwizi wangu. Sitaviweka vyote mahali pamoja tena.”