Gharama za Aliyeshindwa

Mwaka 1997 marobota ya pamba yaliwaangukia vibarua kumi katika kiwanda cha mtu binafsi, Bariadi. Specioza alivunjika mguu. Ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba, akichechemea, kuwashawishi wenzake washitaki kwa pamoja. Wa mwisho kukubali alikuwa Shida, ambaye mkono wake ulipondeka usifae tena.

Baada ya miaka mitatu, tisa walishinda. Dai la Shida lilitupwa kwa sababu jina lake halikuwamo kwenye daftari la vibarua. Hakimu akaamuru mwenye kiwanda alipe sehemu tisa kati ya kumi za gharama za kesi.

"Na ya kumi?" Specioza alimuuliza wakili.

"Ni ya yule aliyeshindwa."

Specioza aliwaomba wenzake waichange. Mmoja akainama, akasema, "Mayu, mama yetu, nasi tuna watoto."

Akailipa peke yake kutoka kwenye fidia yake, kisha akaenda kwa Shida. Alimkuta akipukuchua mahindi kwa mkono mmoja.

"Misimu minne nimebeba pamba pale," Shida alisema taratibu. "Kumbe hawakuniandika hata siku moja."

Specioza akaketi kando yake, akachukua hindi, akaanza kupukuchua.