Watoto wa Bosi

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe. Mwaka wa uhuru bosi wangu mzungu alikimbilia Usumbura, ng'ambo ya mpaka, akaniachia minye, mimi mpishi wake, vitoto vitatu vya mbwa. Nikamwomba katekista atangaze kanisani: "Watoto watatu wa bosi wanatafuta nyumba, mama yao amekufa." Neno mbwa nililisahau.

Baada ya misa wamama wa kijiji chetu cha Kilibula wakajaa uani kwangu, wengine wanalia. Nikajisemea: kumbe watu wanapenda mbwa hivi!

Jirani yangu Sifa, ambaye hajajaliwa mtoto, alikuja na kitenge kipya. "Papa, minye nitamulea kama wangu. Niwekee mugongoni."

Akainama, akafumba macho. Nikamwekea yule mdogo kabisa.

Mtoto akabweka.

Sifa akafungua jicho moja. "Papa, huyu, bosi alimuzaa na nani?"