Baba mkwe alininyooshea mkono katikati ya barabara, sikumshika

Admin, naomba unifiche vizuri sana, maana mawifi zangu wote wako humu kwenye page yako na wana vidole vyepesi vya kusambaza mambo.

Mimi ni mama wa miaka 33, mzaliwa wa Kalenga, Iringa. Nimeolewa Mbeya na Mnyakyusa, huu mwaka wa nane, tuna watoto wawili na nauza vitenge Mwanjelwa. Mume wangu hana tatizo, ni fundi mitambo huko Tunduma, anarudi mwisho wa mwezi. Tatizo langu ni barabara kuu. Naiogopa jamani, naiogopa kweli. Tangu waanze kuipanua, zebra zimefukiwa na vifusi, malori ya kwenda mpakani yanapita bila kuisha, na bodaboda zinachomoka popote penye upenyo. Mimi huwa nasubiri watu wajae ndipo najichomeka katikati yao, hata kama duka litachelewa kufunguliwa.

Mwezi uliopita baba mkwe alikuja kutoka Rungwe kutolewa mtoto wa jicho. Kwa msiojua, kwa wazee wa Kinyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawagusani wala hawatazamani usoni. Vijana wengi wameacha, ila mzee wangu huyu hajaacha. Akiingia sebuleni, mimi natoka kwa mlango wa jikoni. Chakula kikiwa tayari naongea na ukuta: "Jamani, ndizi zinapoa huku!" Naye anajibu kupitia ukuta huohuo: "Haya, tumesikia." Wageni wakija wanadhani tumegombana, kumbe ndiyo heshima yetu na tunapendana sana.

Mume alimpeleka hospitali, kisha akasafiri. Kumrudisha ikawa kazi yangu. Nilichukua bajaji, lakini dereva akatushusha upande wa pili wa barabara. Akasema, "Dada, pa kugeuzia ni mbali na kuna mchepuko, vukeni tu hapo." Mzee jicho moja lina bandeji, lingine lina ukungu, mkononi ana fimbo.

Tukasimama pembeni, mimi mbele, yeye nyuma yangu hatua kama tano. Lori likasimama, dereva akanipungia nivuke. Nikasema bila kugeuka, "Njia ipo sasa!" Halafu nikakimbia. Nilipofika ng'ambo nikageuka, nikamwona mzee amebaki katikati. Lori lilikuwa limeshaondoka nyuma yake, na mbele yake, upande wangu, kosta na malori yanafuatana. Upepo wa magari unapeperusha koti lake. Akanyoosha mkono kuelekea upande wangu akaita, "Mwanangu, uko wapi?"

Miaka yote hiyo hajawahi kuniita moja kwa moja. Mimi nikasimama tu. Magari yalikatika mara mbili, nafasi ya kumrudia ilikuwepo na niliiona kwa macho yangu. Sikurudi. Mama mmoja muuza parachichi akatua beseni lake chini, akaingia barabarani mkono juu, akamkamata mzee kiunoni. Bodaboda iliwakosa kidogo sana, ikapiga fimbo, mzee akaanguka goti likachubuka. Walipofika, yule mama akaniangalia.

"We dada, huyu si mzee wako?"

"Ni baba mkwe," nikamwambia. "Kwao hatugusani."

Akachukua beseni lake akaondoka.

Habari zikafika kwenye ukoo. Shangazi yake mume akapiga simu, anapiga vigelegele: "Asante mkamwana! Mhehe wa watu umetushinda sisi wenyewe kwa adabu, hata kwenye magari hukumgusa baba!" Kwenye group la familia nikamwagiwa maua na makofi. Mume akasema anajivunia mimi. Nikaandika "amina" nikaenda kulia chooni.

Ukweli ni kwamba pale barabarani sikuikumbuka mila hata kidogo. Mila ilikuja mdomoni nilipoulizwa na yule mama. Pale nilikuwa naogopa kufa, basi. Nilimwangalia mzee wa watu nikasema moyoni, bora yeye kuliko mimi. Hiyo sentensi nimeifuta mara tatu kabla ya kukutumia, admin.

Sasa Alhamisi ni zamu ya jicho la pili. Binamu wa mume alijitolea kumpeleka, mzee akakataa katakata, akasema ataenda na mkamwana wake. Mume anacheka kwenye simu, "Unaona baba anavyokuamini?" Na juzi nikiwa jikoni nikamsikia mzee anauambia ukuta, taratibu kabisa: "Safari hii, mtu akiona vyema kunishika mkono, anishike. Mimi sitasema neno, na wazee huko nyumbani nitawajibu mwenyewe."

Yeye anaamini nilizuiwa na heshima, ndiyo maana ameamua kuivunja mila aliyoishika maisha yake yote, ili nisiteseke. Hajui kwamba ameniondolea kisingizio nilichokuwa nacho.

Tangu siku ile sijafungua duka, maana liko ng'ambo. Jana nilienda pale peke yangu nijaribu. Watu walijaa, wakavuka, wakajaa wengine wakavuka, mimi miguu imegoma. Nikarudi nyumbani.

Ndugu zangu, matusi nitayapokea, najua nastahili. Lakini nielekezeni. Nikimwambia mume ukweli, atanitazamaje tena? Nikinyamaza niende na mzee, ikitokea lori likapiga honi nikauachia mkono wake, nitaishije? Yeye ataushika huo mkono wangu akiamini yuko salama. Alhamisi ni keshokutwa.